Furaha Haisubiri Shida Ziishe: Hisia Njema katika Maisha ya Kila Siku

Msafiri anayetoka Mwanza mjini kuelekea Magu hupita kwanza Igoma, yalipo makaburi ya waliopoteza maisha katika ajali ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei, 1996. Kilomita chache mbele, kandokando ya barabara hiyohiyo, ipo Kisesa, na hapo Bujora kuna uwanja ambao kila mwezi Juni, wakati wa sherehe za Bulabo, hujaa vumbi la wachezaji na mlio wa ngoma. Kilio na ngoma ni majirani katika barabara hii. Jamii inayokwenda Igoma kila Mei kuwakumbuka ndugu zake ndiyo ileile inayofika Bujora mwezi unaofuata, na hakuna anayeiuliza imepata wapi ruhusa ya kucheka.

Jambo hilo, ambalo wenyeji hawalishangai, linastahili kutazamwa kwa makini. Elimu ya afya ya akili inayowafikia wananchi kwa kawaida huhusu maradhi: sonona, hofu iliyopita kiasi, ulevi, kuchanganyikiwa. Ni sahihi kufanya hivyo, kwa kuwa maradhi hayo yapo na yana tiba. Hata hivyo, upo upande wa pili wa afya hiyo ambao hauzungumzwi sana, nao ni uwezo wa mtu kufurahi, kutulia, kushukuru na kutumaini. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaeleza kwamba afya ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na ustawi wa kijamii, wala si kutokuwa na maradhi peke yake. Pamoja na hayo, wananchi wengi huhesabu furaha kuwa anasa ya baadaye. Itakuja deni likishalipwa, mvua ikishanyesha, mtoto akishamaliza shule. Miaka hupita, na shida moja ikiondoka nyingine hukaa mahali pake.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kulielewa suala hili, kwa sababu hakikuzifunga hisia njema zote katika neno moja. Raha ni ya mwili na ya papo hapo: kivuli cha mwembe saa saba mchana, maji baridi baada ya palizi. Starehe mara nyingi hununuliwa. Faraja huletwa na mtu mwingine, na ndiyo maana husemwa kwamba mtu amefarijiwa. Fahari humpata mzazi siku matokeo ya mtihani yanapobandikwa. Utulivu, shukrani, matumaini na upendo kila kimoja kina njia yake ya kuja na namna yake ya kuondoka. Mvuvi aliyelowa na kukosa samaki hana raha hata kidogo, lakini anaweza kuwa na matumaini. Tajiri anaweza kuzungukwa na starehe akakosa faraja. Anayesema hana furaha kwa sababu hana fedha huenda anazungumzia starehe tu, na hajahesabu nyingine zilizomo ndani ya uwezo wake.

Mwaka 1998 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Barbara Fredrickson, alitoa maelezo ambayo yamekuwa msingi wa utafiti mwingi kuhusu hisia hizi. Alianza na swali jepesi: hofu na hasira zina kazi inayoonekana, je, furaha ina kazi gani? Hofu huibana akili ili imwokoe mtu. Upepo unapochafuka ziwani, nahodha wa mtumbwi huona wimbi, kasia na ufuko tu. Mengine yote husahaulika, na ni vema yasahaulike. Furaha hufanya kinyume chake. Huifungua akili, ikaona mambo mengi kwa wakati mmoja, ikawa tayari kujaribu, kucheza, kuuliza na kumkaribia mgeni. Hisia yenyewe hupita upesi, pengine kwa dakika chache, lakini yaliyopatikana wakati ilipokuwapo hubaki: rafiki mpya, ujuzi, mwili uliozoea mwendo, ujirani. Siku ya shida, hayo ndiyo mtu hutegemea. Kwa lugha ya vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoenea vijijini, hisia njema ni hisa zinazonunuliwa kidogokidogo kabla ya siku ya kukopa.

Kutokana na maelezo hayo, inaeleweka kwamba mtu mwenye shida nyingi ndiye anayehitaji zaidi akiba hiyo. Kumwambia angoje shida ziishe ni sawa na kumwambia mkulima aweke akiba ya chakula baada ya njaa kupita.

Kicheko msibani

Mgeni asiyezijua mila za Tanzania hushangaa anapoona, katikati ya matanga, mtu akifanya mzaha juu ya marehemu. Anaigiza mwendo wake, anadai alipwe deni ambalo halikuwapo, au analizuia jeneza mpaka apewe chochote. Huyo ni mtani. Utani upo baina ya makabila, baina ya mashemeji, na baina ya babu au bibi na mjukuu, na una kanuni zake. Anayetaniwa hapaswi kukasirika, na mtani anayefanya mzaha ndiye pia anayebeba kazi nzito za msiba. Wafiwa waliokuwa hawajainua uso tangu jana hujikuta wakicheka, kisha wakalia tena, na kilio cha mara ya pili huwa chepesi kidogo.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani, Dacher Keltner na George Bonanno, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu waliofiwa na wenzi wao miezi michache kabla. Waliwaomba wamzungumzie marehemu, wakatazama nyuso zao. Wale waliocheka kicheko cha kweli katikati ya maelezo hayo walionekana kuwa na hasira kidogo zaidi na uhusiano mzuri zaidi na watu wao. Miaka michache baadaye Fredrickson na wenzake walichunguza vijana wa chuo baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani. Waliostahimili vizuri walihuzunika kama wengine. Tofauti yao ilikuwa kwamba ndani ya huzuni hiyohiyo waliweza pia kuhisi shukrani kwa walionusurika na upendo kwa waliokuwa karibu nao.

Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawakuhitaji kusubiri uchunguzi huo. Ni watu waliozika wengi kwa pamoja mwaka 1996, wakazika tena baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba, 2018. Hata hivyo ipo hatari kwamba mila ya utani itapungua maana. Misiba ya siku hizi, hasa ya mijini, ina ratiba iliyochapwa, kipaza sauti na mshereheshaji, na mtani anaweza kuonekana mtu wa kuvuruga utaratibu. Kamati za mazishi zingefanya jambo jema kumwachia nafasi yake.

Jembe na wimbo

Wacheza ngoma wa Kisukuma wamegawanyika tangu karne ya 19 katika makundi mawili yanayoshindana, Bagika na Bagalu, ambayo asili yake inatajwa kuwa ni wachezaji na waganga wawili, Ngika na Gumha. Mashindano yao hayana jopo la waamuzi wenye kadi za alama. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu huenda kule kunakowavutia. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Sherehe za Bulabo, ambazo jina lake lina maana ya maua, zilianza kama maadhimisho ya sikukuu ya Ekaristi, na zimefungamana na kituo cha Bujora kilichoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyezithamini ngoma hizi wakati ambapo viongozi wengi wa dini walizikataa. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yanahifadhi ngoma na vifaa vya wachezaji hao.

Lakini ngoma ya Kisukuma haikuzaliwa uwanjani. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Vikundi vya kulima vilihama shamba kwa shamba, wapiga ngoma wakiwa pamoja na wakulima, na majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson, ambaye mwaka 2010 alichapisha kitabu kikubwa juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, alikusanya mamia ya nyimbo za wakulima, wawindaji, wapagazi na wengineo. Wingi wake peke yake unaeleza jambo: hapakuwa na kazi ngumu isiyokuwa na wimbo wake. Kazi haikupungua ugumu. Jua lilikuwa lilelile na ekari zilikuwa zilezile, ila mtu hakuwa peke yake na uchovu wake.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walilinganisha watu wazima waliojiunga na madarasa ya kuimba na wenzao waliojiunga na madarasa ya kazi za mikono au uandishi. Baada ya miezi saba wote walikuwa wamezoeana kwa kiwango kimoja, lakini waimbaji walikuwa wamezoeana mapema zaidi, tangu mwezi wa kwanza. Wimbo, kwa maneno mengine, huwaunganisha wasiojuana kwa haraka, jambo ambalo kila mwalimu wa kwaya wilayani analijua.

Leo plau la ng'ombe na trekta vimechukua sehemu kubwa ya kazi ya jembe, na hakuna mkulima anayepaswa kulaumiwa kwa kuupunguzia mgongo wake mzigo. Kilichoondoka pamoja na jembe ndicho cha kufikiriwa. Kijana anayepalilia pamba akiwa na simu mfukoni na spika za masikioni anasikia muziki mzuri kuliko wowote aliousikia babu yake, na anapata raha. Hapati mwenzake wa kuitikia. Kwaya za makanisani, kaswida, vikundi vya ngoma, timu za mpira za vijiji, vikundi vya kina mama vinavyolima kwa zamu: hizo ndizo bugobogobo za sasa, na ziko katika kila kata. Anayetafuta hisia njema kwa njia ya uhakika na ya gharama ndogo aanzie hapo, hata kama sauti yake si nzuri. Afisa Utamaduni wa Halmashauri anaweza kuwaelekeza wanaotaka kuandikisha kikundi.

Siku za mbalamwezi

Kwenye mialo, maisha hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta karibu na wavu. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za betri na umeme wa jua. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti tena, na kwa siku kadhaa mitumbwi hupumzika ufukoni. Kazi chache sana nchini zina mapumziko ya aina hii, yaliyopangwa na mbingu zenyewe na yanayojulikana tarehe zake kabla ya mwezi kuandama.

Mapumziko hayo yanaweza kuwa ya kumjenga mtu au ya kummaliza. Mvuvi aliyekesha kwa majuma mawili au matatu, mwenye fedha mkononi, mbali na nyumbani, na kesho isiyokuwa na kazi, huitafuta furaha mahali ilipo karibu zaidi, yaani baa. Haifai kumhukumu kwa hilo bila kueleza. Pombe humpa mtu mwanzo wa hisia njema, kisha huzichukua na zile alizokuwa nazo. Ni kileo kinachopooza ubongo. Huharibu usingizi wa mtu ambaye tayari ana deni la usingizi, na asubuhi humwacha na huzuni na wasiwasi zaidi ya jana. Fedha iliyopotea ni hasara ya pili.

Wavuvi wanaozitumia vizuri siku hizo wanafahamika katika kila mwalo. Hulala usingizi kamili siku ya kwanza. Hushona nyavu wakiwa wamekaa kundi, wakipiga soga. Hupanda gari kwenda nyumbani kuwaona watoto. Hucheza mpira jioni, mwalo kwa mwalo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mradi wala mfadhili, ila linahitaji kuamuliwa kabla mwezi haujawa mkubwa, kwa sababu mtu aliyechoka hachagui vizuri. Viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, wanaokutana na wavuvi kila siku, wako katika nafasi nzuri ya kulisemea jambo hili na kuandaa michezo.

Shukrani na matumaini

Shukrani hujengeka kwa mazoezi. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha majaribio ambayo ndani yake baadhi ya washiriki waliandika, mara moja kwa juma kwa majuma 10, mambo yasiyozidi matano waliyoshukuru kuyapata, na wengine wakaandika kero. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mema zaidi na walilitazama juma lililofuata kwa matumaini makubwa zaidi. Matokeo ya namna hii si muujiza. Ni mabadiliko ya kiasi, kwa wanaoendelea nayo.

Daftari halihitajiki. Mama anayeanika dagaa mwaloni anajua kwamba mvua ya ghafla inaweza kuharibu mtaji wa juma zima. Akili yake, kwa haki kabisa, huangalia mawingu. Jioni, wakati wa chakula, kila aliyepo nyumbani anaweza kutaja jambo moja mahususi la siku hiyo: jirani aliyekimbia kusaidia kuzoa dagaa kabla mvua haijafika, mtoto aliyechota maji bila kutumwa. Umahususi ndio wenye nguvu. Kusema "tunashukuru kwa yote" kila siku kwa maneno yaleyale hugeuka haraka kuwa desturi ya mdomo. Hata salamu zina kazi hii zikipewa muda wake. "Mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya mchana, zikifuatwa na kuulizana habari za nyumbani, ng'ombe na shamba, humpa mtu dakika mbili za kuonekana na mwenzake. Zinazidi kufupishwa kuwa mkono unaopungwa juu ya pikipiki.

Matumaini yanahitaji kitu cha ziada. Charles Snyder, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kansas, alieleza kwamba mtu mwenye matumaini ana lengo, anaiona angalau njia moja ya kulifikia, na anaamini kwamba anaweza kuipita njia hiyo. Pasipo njia, yanayobaki ni matamanio. Kwa sababu hiyo huduma za kiuchumi nazo zinagusa afya ya akili. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Taratibu za kusajili kikundi na kuomba mkopo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata bila malipo. Kijana anayeambiwa asikate tamaa apewe na maelekezo hayo pia.

Pale ambapo furaha haitoshi

Hayo yote yana mpaka, na ni muhimu mpaka huo ujulikane, kwa kuwa elimu ya hisia njema inaweza kumdhuru mtu ikigeuzwa amri. Mwanamume aliyefiwa na mke huambiwa "jikaze". Mama aliyejifungua anayelia kila siku huambiwa ashukuru, wengine hawana mtoto. Anayeambiwa hivyo hujifunza kuficha, na huzuni iliyofichwa haitibiwi. Lugha imetuwekea neno "pole" mbele ya maneno mengine yote: kwanza mtu hutambuliwa kwamba ameumia, ndipo mengine yafuate.

Huzuni inayodumu kwa majuma mawili au zaidi, karibu siku nzima, pamoja na kukosa hamu ya mambo ambayo mtu aliyapenda, usingizi uliovurugika, kupoteza hamu ya kula, uchovu usio na sababu na hisia ya kutokuwa na thamani, ni dalili za sonona. Mtu mwenye dalili hizo hakushindwa kushukuru. Anaumwa, kama anayeumwa malaria, na kuna matibabu ya mazungumzo na ya dawa. Vilevile mwanamke anayepigwa nyumbani hahitaji kufundishwa utulivu. Anahitaji usalama, na mahali pa kuanzia ni Ofisi ya Ustawi wa Jamii au dawati la jinsia la polisi.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mgonjwa husikilizwa na kupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya inapobidi. Kwa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iliyopo Mwanza ina huduma za kibingwa za afya ya akili. Maafisa Ustawi wa Jamii hupokea migogoro ya ndoa, malezi na ukatili, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaweza kufikiwa kijijini kwenyewe. Kwa watoto walio katika hatari ya aina yoyote, namba 116 hupigwa bure kutoka mtandao wowote wa simu.

Iwapo ndugu au jirani anazungumzia kutaka kufa, hata kwa mzaha, asiachwe peke yake. Aulizwe waziwazi, kwa upole, kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Sumu za shambani, kamba na dawa viondolewe karibu yake, na mtu anayemwamini aongozane naye kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo, amsubiri mpaka aonwe na mganga, kisha arudi naye nyumbani.